Zamu ya usiku, sehemu ya 17: Sufiani wangu wa Marekani



Wiki iliyopita niliahidi leo tuendelee na chakula cha mtoto wa miezi sita. Tutaendelea, msijali, uji haukimbii. Ila juzi usiku dada mmoja aliniandikia pembeni, ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Aliandika hivi: "Nesi, leo ni siku ya kumi na mbili tangu nijifungue. Namuangalia mwanangu sisikii kitu. Mimi ni mama mbaya?"

Nilimjibu. Jibu lenyewe nitawaambia mwishoni, maana kuna mwaka mimi huyu huyu ningemjibu vibaya sana. Aliyenibadilisha si semina wala mwalimu wa chuo. Ni mwimbaji mmoja wa Marekani ambaye nyumbani kwangu wamechoka kumsikia.

Anaitwa Sufjan Stevens. Jina la kwanza linatamkwa Suf-yan. Ndiyo, ni Sufiani, jina lile lile la majirani zetu Tanga na Zanzibar. Alizaliwa Detroit tarehe 1 Julai 1975. Wazazi wake walikuwa kwenye jumuiya ya kiroho iitwayo Subud, iliyoanzia Indonesia, na mwanzilishi wa jumuiya hiyo ndiye aliyempa mtoto hilo jina. Kwa hiyo msiniulize tena kama ni Mwarabu.

Muziki wake ni roki ya wale wanaojitegemea, wasio chini ya kampuni kubwa, wenyewe wanaita indi. Ila ukisikia neno roki usifikirie makelele. Huyu anapiga banjo na gitaa, anaimba kama mtu anayeogopa kumuamsha mtoto. Baba watoto wangu ni mtu wa Msondo, akisikia simu yangu inaanza anasema, "Mama, msiba wa nani leo?" Kazini nako wameniita hivyo hivyo, Nesi Nyimbo za Msiba. Nimezoea.

Nilimjuaje? Mwaka 2016, nikiwa na ujauzito wa kwanza, tulikuwa na mwanafunzi wa uuguzi kutoka nje aliyekuja kufanya mazoezi kwetu. Usiku mmoja wodi ilitulia, jambo ambalo halitokei, akanipa eafoni moja, nyingine akabaki nayo. Alipoondoka aliniachia flashi yenye albamu nzima. Inaitwa Carrie & Lowell, ilitoka Machi 2015.

Sasa chekeni kidogo. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani na cha kuandikia mafaili. Mimi nilisikia sauti tamu tu, ya taratibu. Mwanangu alipozaliwa nikawa namlazia kwa albamu hiyo, kila usiku, miezi mitatu. Analala vizuri kabisa. Siku moja nikakaa nisikilize maneno. Jamani! Kumbe albamu nzima ni kilio cha mtu aliyefiwa na mama yake. Kuna wimbo mmoja humo ni mazungumzo kati yake na mama anayekaribia kufa. Namlaza mtoto mchanga kwa nyimbo za kuzika! Niliona aibu mpaka nikacheka peke yangu.

Basi udadisi ukaniingia, nikaanza kununua bando kwa ajili ya kumsoma huyu mtu.

Carrie ni jina la mama yake. Aliondoka nyumbani Sufjan akiwa na mwaka mmoja tu, akawaacha watoto na baba yao. Hakuwa mhuni, alikuwa mgonjwa. Sufjan mwenyewe ameshaeleza hadharani kwamba mama alikuwa na sonona, na skizofrenia, na pombe juu yake. Baadaye Carrie aliolewa na mwanaume anayeitwa Lowell Brams. Ndoa ilidumu miaka mitano hivi, na katika kipindi hicho watoto walikwenda kumtembelea mama yao Oregon likizo tatu za kiangazi. Likizo tatu tu. Hizo ndizo kumbukumbu kubwa alizokuwa nazo za mama yake, na bado alizitungia albamu.

Hapo niwape na ya kina baba wa kambo, maana najua mpo. Ndoa ya Lowell na Carrie iliisha, lakini Lowell hakuachana na yule mtoto. Mwaka 1999 walianzisha pamoja kampuni ndogo ya kutoa muziki, Asthmatic Kitty, yaani paka mwenye pumu. Mimi kama nesi jina hilo nimelipenda. Wakafanya kazi pamoja miaka ishirini, na mwaka 2020, Lowell alipokuwa anastaafu, wakatoa albamu ya muziki mtupu wakiwa wawili, inaitwa Aporia. Mtoto wa mkeo aliyekuacha, na bado ukawa baba. Inawezekana.

Carrie alifariki Desemba 2012 kwa saratani ya tumbo. Watoto waliwahi kumwona ICU kabla hajaondoka.

Sasa niwaambie kwa nini haya yalinigusa, na hii sijawahi kuiandika hapa.

Mimi nimelelewa na bibi, Korogwe. Mama yangu aliondoka nikiwa na miaka minne, mdogo wangu akiwa hajamaliza hata arobaini. Utoto wangu wote nilijua kitu kimoja: mama alitutupa. Watu wazima wakiulizwa walisema "alichanganyikiwa", kwa ile sauti ya kufunga mazungumzo. Nikakua na hasira. Nikasomea uuguzi, nikapangiwa wodi ya wazazi, na ile hasira nikaenda nayo kazini bila kujua.

Mnajua manesi wa lugha kali? Nilikuwa mmoja wao. Siwezi kuwadanganya.

Mwaka 2018, asubuhi, kuna binti alijifungua kwa upasuaji, siku yake ya tatu. Mtoto analia, yeye amegeukia ukutani. Nikamwambia anyonyeshe, kimya. Nikarudi mara ya pili, kimya. Mara ya tatu nikapaza sauti mbele ya wodi nzima: "Wewe ni mama wa namna gani? Mtoto amekukosea nini?" Wodi ikanyamaza. Yule binti hakujibu, alijifunika kanga usoni. Mama wa kitanda cha jirani ndiye aliyeinuka na mshono wake, akamchukua yule mtoto, akambembeleza.

Nilitoka zamu nikiwa najiona nimefanya kazi yangu. Kwenye daladala nikaweka eafoni, nikaweka Sufiani wangu kama kawaida. Na ile albamu niliyoisikia labda mara mia mbili, siku hiyo ikanigeuka. Huyu mtu aliachwa akiwa na mwaka mmoja. Ana kila sababu ya kumtukana mama yake, na watu wangemnunulia hizo nyimbo. Lakini hamtukani. Anamuita na kumkumbuka, na anataka kuwa karibu naye. Hasemi kwamba hakuumia, ameumia sana, lakini hakuna mahali anapomuuliza "wewe ni mama wa namna gani".

Mimi ndiye niliyeuliza. Na nilimuuliza binti wa watu kile nilichotaka kumuuliza mama yangu.

Nikapitiliza kituo.

Kesho yake niliingia kazini mapema, nimeshapanga maneno ya kuomba msamaha. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jingine. Ameruhusiwa jana jioni. Hakurudi kliniki yetu, au alirudi siku nisipokuwepo. Sijamwona mpaka leo. Kama unasoma hapa, dada yangu, na unakumbuka nesi aliyekupigia kelele: nisamehe. Ulikuwa unaumwa, na mimi niliyevaa sare nilishindwa kuuona ugonjwa.

Baada ya hapo nilirudi kwenye daftari zangu za chuo, na nikamuuliza shangazi maswali ambayo sikuwahi kuuliza. Mama hakuwa na tatizo kwenye uzazi wangu. Lilianza kwa mdogo wangu, wiki ya kwanza. Halali, anaongea peke yake, anasema mtoto amebadilishwa. Mimi nesi mwenye diploma nikasikiliza ile simulizi nikaitambua kama ninavyotambua malaria: kichaa cha uzazi, na kilitibika. Hakuna aliyempeleka hospitali. Walimpeleka kwa watu wa kuombea na wa kuagua, na aliporudi kwenye akili zake aibu ilikuwa imeshamfukuza.

Mwaka 2019 nilipanda basi kwenda Muheza anakoishi, nikiwa na mwanangu wa miaka mitatu. Msitegemee filamu. Hatukukumbatiana tukilia. Mama alinikaribisha kama mgeni, akaniita "mwanangu" kwa sauti ndogo. Akachukua kisu akaanza kumenya machungwa. Alimenya mengi, kuliko tuliyoweza kula, anamenya tu, na mwanangu anakula tu. Wakati wa kuondoka akaniuliza, "Na wewe ulipojifungua, ulikuwa salama?" Nikasema nilikuwa salama. Akasema, "Alhamdulillahi." Hapo ndipo tulipofika. Tunapigiana simu Jumapili. Kuna Jumapili hatuna la kusema, tunasalimiana mara mbili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, anamfuatilia Mzungu ambaye hata tamasha lake hatalihudhuria maishani, siwezi kumjibu kwa kifupi. Sina fulana yake, picha yake haipo ukutani. Nina deni kwake.

Ndiyo maana Septemba 2023 nilishtuka. Nipo zamu ya usiku, nasoma simu dakika mbili, nakuta ametangaza yuko hospitali. Aliamka asubuhi moja hawezi kutembea. Mikono na miguu imekufa ganzi, haina nguvu. Kaka yake akamkimbiza. Ni Guillain-Barré. Nilimsomea huyu mtu vipimo vyake kama ndugu wa mgonjwa.

Kwa wasioujua: ni pale kinga ya mwili inapokosea adui na kuanza kushambulia neva za mwili wako mwenyewe, mara nyingi wiki chache baada ya kuharisha au mafua makali. Udhaifu huanzia miguuni na kupanda juu. Tunachoogopa sisi manesi ni ukifika kwenye misuli ya kupumulia. Yeye alidungwa dripu za kingamwili siku tano, ugonjwa ukasimama, akaanza mazoezi ya kujifunza kutembea upya. Wengi hupona, ila ni kwa miezi.

Na hapa nesi lazima niseme: mtoto wako akilegea ghafla mguu au mkono, jana alikimbia na leo hawezi kusimama, usimkande, usisubiri Jumatatu. Hospitali siku hiyo hiyo. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 mwenye ulegevu wa ghafla anatakiwa kuripotiwa na kupimwa choo, kuhakikisha si polio. Ukiulizwa maswali mengi, ujue ndiyo sababu.

Tarehe 6 Oktoba 2023 albamu yake Javelin ikatoka, yeye akiwa bado kwenye matibabu. Aliitoa kwa kumbukumbu ya mwenzi wake, Evans Richardson, aliyefariki Aprili mwaka huo. Mwaka mmoja, msiba na kupooza. Niliisikiliza nikiwa napiga pasi sare, nikaunguza kola.

Sasa lile jibu nililompa dada yetu wa siku ya kumi na mbili. Nilimwambia: hapana, wewe si mama mbaya. Machozi na kuchoka roho siku za kwanza huwapata wengi, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, au usipomsikia mtoto kabisa, au hupati usingizi hata mtoto akiwa amelala, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, nenda kliniki ukaseme kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Na nyie mlioko nyumbani: mama akianza kuona au kusikia visivyokuwepo, akisema mtoto si wake, au akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura kama ya kutokwa damu. Msimwache peke yake hata dakika moja, msimfiche, msimfunge kamba. Mleteni usiku huo huo.

Na ukimkuta nesi mwenye mdomo kama niliokuwa nao mimi, muombe matroni. Usirudi nyumbani na ugonjwa wako kwa sababu ya mtu mmoja.

Dada ameenda kliniki jana, na dada yake wa tumbo moja alimsindikiza. Ameanza kusaidiwa.

Alhamisi tunarudi kwenye uji. Mwenye karanga aziandae. Na usiku huu, mtoto akilala, kama mama yako yupo hai na huna la kumwambia, mpigie tu umsalimie. Hata mara mbili.