Jirani alipolalamikia bustani yetu ya kanisa

Jumapili moja baada ya ibada, mwenyekiti wa serikali ya mtaa alifika kanisani kwetu hapa Dar es Salaam akiwa na barua. Jirani mmoja alitaka bustani ya mboga iliyo nyuma ya kanisa ifungwe.

Bustani hiyo ni ya kikundi cha kinamama, na mama yangu ndiye mtunza hazina. Mchicha, matembele na bamia hupelekwa kwanza kwa wajane na familia zenye watoto wadogo, kinachobaki huuzwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuiandikia makala ya kuisifu, kwa kuwa mboga za majani zina madini ya chuma na vitamini A, na watoto wanaokua wanavihitaji. Barua ile niliiona kama tusi.

"Huyo ana wivu tu," alisema mmoja wa kinamama. Mama akanigeukia: "Mwanangu, wewe ndiye mwandishi wa afya. Kikao cha Jumamosi utatusemea."

Nilikubali. Lakini kazi yangu imenifundisha kusikiliza pande zote, hivyo Ijumaa jioni nikapiga hodi kwa jirani.

"Karibu, dada," alinipokea, mtoto wa miaka miwili mgongoni. "Mimi sina ugomvi na kanisa. Hata mchicha nanunua kwenu. Ila huyu ametibiwa malaria mara mbili ndani ya miezi mitatu. Nimewaambia wenzako pale kwenye uzio, wakanijibu wataniombea. Njoo uone."

Upande wetu wa uzio kulikuwa na mapipa matatu ya maji ya kumwagilia, yote wazi. Nikawasha tochi ya simu. Viluwiluwi wa mbu walikuwa wakicheza juu ya maji. Katikati ya matuta, maji yalikuwa yametuama.

Niliona aibu. Picha ya makala yangu niliipiga nikiwa nimesimama kando ya mapipa hayohayo.

Siwezi kusema mtoto yule aliambukizwa na mbu wa bustani yetu. Mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi, na anayependa mapipa ni yule wa homa ya dengue. Lakini katika joto letu, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa takriban siku 10, na maji yale yalikaa zaidi ya hapo.

Jumamosi nilisimama nikasema nilichokiona. Ukumbi ukawa kimya. Mama aliangalia chini.

Kisha ofisa mipango miji akaeleza jambo jingine ambalo hakuna aliyelifikiria. Kiwanja chetu kimepimwa kwa ajili ya ibada. Chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, anayetaka kubadili matumizi ya kiwanja huomba kibali kwa halmashauri. Sisi hatukuwahi hata kuuliza. Akatukumbusha pia kwamba miji mingi ina sheria ndogo zinazozuia mazao marefu kama mahindi katikati ya makazi.

Hakuifunga bustani. Alitaka tupeleke maombi, tufunike mapipa, tusawazishe matuta maji yasituame, na mbolea ya samadi ihamishwe mbali na uzio. Mahindi yetu machache yaliyokuwa pembeni yakang'olewa.

Njiani kurudi nyumbani Mama hakunisemesha. Siku ya tatu nilimkuta akishona vifuniko vya mapipa kwa chandarua kikuukuu. Bila kuinua macho akasema, "Ulisema kweli. Lakini ungeniambia mimi kwanza, Ijumaa ileile, kabla ya watu wote."

Hapo sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa jirani kumsikiliza, nikasahau kumpa mama yangu heshima hiyohiyo.

Mzazi mwenzangu, kama kuna bustani karibu na nyumba yako, iwe ya kanisa, ya msikiti au ya jirani, piga hodi kabla ya kuandika barua. Na kama bustani ni yenu, jirani akilalamika, msimwambie mtamwombea tu. Chukueni tochi mkaangalie maji. Mkishatoka hapo, angalieni na ndoo za nyumbani kwenu. Mimi nilipoangalia zetu, mbili zilikuwa na viluwiluwi.