Goli la Nyamagana

Kuna wazee hapa Nkwenda, Kyerwa, wanaolijua goli la Sunday Manara kuliko mimi, ingawa mimi nilikuwa uwanjani. Wao walikaa nyumbani na redio, na mtangazaji akawaonyesha kila kitu. Mimi nilikuwa kijana mfupi nyuma ya umati pale Nyamagana, Mwanza, na nilichoona ni migongo ya watu. Goli nililitambua kwa kelele.

Ilikuwa Jumamosi, Agosti 10, 1974, Yanga na Simba wakigombea ubingwa wa taifa. Safari ile ililipwa na kahawa. Mjomba alikuwa ameuza mavuno yake, akaamua kwamba mwaka huo hela zote hazitaishia kwenye mabati. Tulipanda lori la mizigo kutoka Omurushaka hadi Bukoba, vumbi tupu, kisha MV Victoria, daraja la tatu, tukalala katikati ya mikungu ya ndizi. Usiku kucha ziwani watu walibishana. Mjomba alikuwa Simba damu, na hakukosa la kusema; Simba ile ndiyo iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka huohuo.

Adam Sabu akaifungia Simba dakika ya 16. Baada ya hapo Yanga walishambulia zaidi ya saa nzima bila kupata kitu. Hicho ndicho kipindi ninachoweza kukitolea ushahidi, kwa sababu waliokuwa mbele yangu walichoka kusimama, wakachuchumaa. Nikamwona Manara. Sikuona kwake mbio za kutisha. Wenzake waliupokea mpira, wakautuliza, ndipo wakainua kichwa kutafuta wa kumpa. Yeye alikuwa ameshatazama kabla haujamfikia. Nchi nzima ilimwita Computer. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuiona kompyuta, ila tuliambiwa ni mashine inayomaliza hesabu wewe ukiwa bado unatafuta kalamu, na hilo lilitutosha.

Dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha. Uwanja mzima ukasimama, nami nikarudi kwenye migongo yangu. Dakika ya 97, muda wa nyongeza, Manara akafunga. Yanga 2, Simba 1. Mjomba hakunisemesha hadi tulipoziona taa za Bukoba.

Mwaka 1977 tukasikia Manara yuko Uholanzi, anachezea Heracles ya mji wa Almelo. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Ulaya. Leo maneno hayo ni mepesi. Wakati ule soka yetu ilikuwa ya ridhaa, na mchezaji alitazamiwa kuwa na kazi nyingine ya kumlisha. Huku Karagwe, ambako Kyerwa yetu ilikuwa ndani yake hadi ilipokuwa wilaya mwaka 2012, gumzo la 1977 lilikuwa kahawa. Baridi ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikapaa, na magunia yalivuka mto Kagera usiku kule Murongo, mpakani na Uganda. Kwamba ng'ambo walitaka kahawa yetu tulilijua tangu enzi za mababu. Kwamba wangemtaka pia mtu wa kwetu kwa jinsi anavyocheza mpira, hilo wazee walilikataa mpaka lilipotajwa tena redioni.

Baadaye akaenda New York Eagles ya Marekani. Vijiweni watu wakaapa kwamba anacheza na Pele. Si kweli, Pele alikuwa ameshastaafu, na Cosmos yake ilikuwa ligi nyingine kabisa, lakini nani alitaka kusahihishwa? Alicheza pia St. Veit ya Austria na Al Nasr ya Dubai. Mengi ya hayo yalitupita. Kuanzia Oktoba 1978 redio zetu zilikuwa na kazi nyingine: majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yamefika mto Kagera, kisha daraja la Kyaka likavunjwa, na mtu alisikiliza taarifa ya habari ajue kama alale ndani au kwenye migomba.

Machi 1, 2020, Mbwana Samatta alipoifungia Aston Villa kwa kichwa pale Wembley dhidi ya Manchester City, nilikuwa kwenye kibanda cha video Kayanga. Vijana waliruka nusura waangushe bati. Mmoja akatangaza kwamba huyu ndiye Mtanzania wa kwanza Ulaya. Nikamwambia, wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza, sawa. Lakini Ulaya alitangulia Sunday Manara, miaka 43 nyuma, kisha nduguye Kassim naye akacheza Austria. Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba wakati huo, kijana yule alimjua. Kwamba ni mtoto wa huyo Sunday, hakujua. Akatoa simu atafute video, asipate. Akaniuliza alikuwa akichezaje basi. Nikainuka, nikaanza kumwonyesha alivyogeuza bega kabla mpira haujafika, na mwenye kibanda akasema, "Mzee, shikamoo, lakini kaa, City wanakuja."