Ganda la Risasi, Maine na Kagarama

Kwetu Kagarama, jijini Kigali, Rwanda, ganda la risasi likionekana wakati wa kuchimba msingi wa nyumba, kazi husimama. Fundi huweka sururu chini, mtu hutumwa kwa mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, naye huwaita polisi. Ndivyo tulivyoagizwa, na ndivyo wazazi wetu walivyotulea: ukikuta kitu cha vita ardhini, usikiguse. Huku Maine ninakoishi, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ganda kama hilo likidondoka kwenye uwanja wa kulenga shabaha, mwenyewe huinama, huliokota na kulitia kwenye ndoo. Akifika nyumbani ataliosha, kwa sababu anataka kulijaza tena.

Jirani yangu ni mzee mstaafu na mwindaji. Novemba ni mwezi wa kuwinda kulungu kwa bunduki hapa jimboni, na maandalizi yake huanza gerejini miezi kadhaa kabla. Sheria ya Marekani haimdai leseni mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Leseni ya serikali kuu inamhusu anayetengeneza za kuuza. Kwa hiyo vifaa vyote vinauzwa dukani waziwazi, na mzee huyu ana meza nzima ya kazi hiyo. Nimemwangalia mara nyingi, na kilichonivutia zaidi ni uoshaji.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni mwake, baruti, na kichwa kinachoruka. Ukifyatua, fataki imekwisha, baruti imeungua, kichwa kimekwenda. Ganda ndilo linalobaki, na ndiyo sehemu ya bei kubwa. Limetengenezwa kwa shaba njano, mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Madini hayo hutanuka wakati wa mlipuko yakaziba chemba ya bunduki ili moto usirudi usoni mwa mpigaji, kisha hunywea kidogo ganda lipate kutoka. Kwa risasi ya .308 Winchester, ambayo wawindaji wa hapa wanaipenda sana, shinikizo linaruhusiwa kufika pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, wakati tairi la gari dogo lina kama 32. Ganda likiwa na ufa, shinikizo hilo lote litatafuta njia ya kutokea hapo.

Ndiyo maana mzee haanzi kwa kuosha. Anaanza kwa kutenga. Anapanga maganda kwa ukubwa na kwa alama zilizogongwa kitakoni, kisha anachukua moja moja na kuligeuza kwenye mwanga. Ufa mdomoni, linatupwa. Mstari unaong'aa unaozunguka ganda karibu na kitako, linatupwa pia, maana hapo ndipo linapoelekea kukatika vipande viwili. Kwa ndani anatumia waya mwembamba uliopindwa ncha: anaukwaruza ukutani mwa ganda, na ukikwama kwenye mfereji mdogo anajua shaba imekonda. Halafu anachungulia chini. Tundu moja katikati ni mfumo wa Boxer, ofisa wa Uingereza. Matundu mawili madogo ni wa Berdan, Mmarekani. Wote wawili walibuni mifumo yao katika miaka ya 1860. Wa Boxer ndio unaotumika Marekani, kwa kuwa fataki iliyokufa inasukumwa nje kwa sindano moja. Wa Berdan ulikwenda kwenye majeshi mengi, na risasi nyingi za Kalashnikov ni za mfumo huo, tena mara nyingi ganda lenyewe ni la chuma, si shaba. Kwa hiyo maganda mengi yaliyolala kwenye udongo wa eneo letu la Maziwa Makuu si rahisi hata kurudishwa kazini. Yanaota kutu tu.

Fataki ikishatolewa, ndipo usafi unapoanza, na hapa wajazaji wamegawanyika. Kundi la kwanza linasafisha kwa ukavu: maganda yanatiwa kwenye bakuli linalotikiswa na mota, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya jozi. Magunzi hayo yanauzwa kwa mifuko. Kwetu yanaishia jikoni chini ya sufuria, na nilipoyaona dukani yakiwa na bei nilisimama kuyatazama. Kundi la pili linatumia maji: pipa dogo linalozunguka, vijiti vidogo vya chuma kisichoshika kutu, sabuni ya vyombo, na asidi ya ndimu kidogo sana. Maji yanatoka meusi kama wino, na maganda yanang'aa ndani na nje. Baada ya hapo ni kusuuza sana na kukausha kabisa, kwa kuwa unyevu uliobaki ndani utaharibu baruti.

Asidi hiyo ndiyo dawa ya bibi zetu. Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili, iwe Biryogo, Ujiji au Mombasa, ameona sinia la shaba likisuguliwa kwa ndimu na majivu, au kwa ukwaju. Kanuni ni moja pia: usizidishe. Asidi kali, au shaba iliyoachwa humo kwa muda mrefu, hunyonya zinki na kuacha rangi ya waridi. Sinia la waridi linaudhi macho tu. Ganda la waridi limepoteza nguvu.

Jambo jingine ambalo mzee analisimamia kwa ukali ni kwamba dawa ya kung'arisha shaba yenye amonia haiingii gerejini mwake. Sababu yake ina historia. Jeshi la Uingereza huko India liliona maganda ya risasi zake yakipata nyufa yenyewe msimu wa mvua, bila mtu kuyagusa. Risasi hizo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, na amonia ya mkojo wa farasi, ikichanganyika na unyevu, ilikuwa ikiila shaba njano pale ilipobaki na mkazo wa kiwandani. Maelezo kamili ya kisayansi yalitolewa mwaka 1921 na Moore, Beckinsale na Mallinson. Ninalileta hili kwa sababu Kigali pia ina misimu miwili ya mvua, na nyumbani watu wanasugua vitasa na mabomba ya shaba kwa dawa hizo hizo. Kwenye kitasa hazina neno. Kwenye kitu kitakachobeba mlipuko, ni hatari.

Sasa niseme kuhusu risasi ya aina nyingine, yaani yale madini mazito. Fataki nyingi zina kiungo cha risasi hiyo, na ikiungua masalia yake yanabaki ndani ya ganda. Kusafisha kwa ukavu kunayageuza kuwa vumbi. Mzee hafungui bakuli lake ndani ya nyumba, anavaa glavu na barakoa, anaosha mikono kwa sabuni kabla ya kula, na wajukuu hawaingii mpaka meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Ana haki ya kuwa mkali. Tangu 2021, wakala wa afya wa Marekani, CDC, unamhesabu mtoto kuwa ameathirika kuliko wenzake damu yake ikifika mikrogramu 3.5 za madini hayo kwa desilita, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto.

Nikilinganisha na nyumbani, sioni haja ya kutamani meza ile. Rwanda haina msimu wa kuwinda kulungu. Risasi kwetu ni jambo la dola, na nchi zetu zilikubaliana hivyo kwa maandishi: Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Rwanda ni mwanachama wake, inazitaka zipige marufuku utengenezaji wa silaha usio na kibali na zizuie raia kumiliki bunduki za rashasha. Risasi zinazotengenezwa Afrika Mashariki zinatoka kwenye viwanda vya serikali, kama Mzinga pale Morogoro na kile cha Eldoret. Hata ughaibuni si kote kama Maine. Uingereza inaruhusu kujaza nyumbani, lakini tangu sheria ya 2006 huuziwi fataki mpaka uoneshe cheti.

Na Kagarama ina sababu yake, ambayo haiko kwenye vitabu vya sheria. Kilima cha Nyanza ya Kicukiro kiko jirani. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wanajeshi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka kwenye shule ya ETO Kicukiro, wakiwaacha watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia kwao. Watu hao waliswagwa mpaka Nyanza, wakauawa huko kwa bunduki, maguruneti na mapanga. Leo pana kumbukumbu. Mtu wa mtaa ule hawezi kuliokota ganda akaona malighafi ya kazi ya mikono. Kwake ni ushahidi, na ushahidi hauoshwi.

Lakini katika kazi ya mzee wangu lipo tunaloweza kulichukua bila kuchukua bunduki. Vijana wanaokusanya vyuma chakavu, na mafundi wa vyuma kama wale wa Agakiriro ya Gisozi, wanashika shaba kila siku. Nairobi, mafundi wa Kibera huyeyusha kufuli na mabomba ya zamani wakafanya hereni. Ethiopia, maganda ya risasi yamegeuzwa kuwa shanga. Mikono hiyo inahitaji glavu, barakoa na sabuni kama anavyohitaji mzee wa Maine, na watoto wao wanahitaji kukaa mbali na tanuri kama wajukuu wake wanavyokaa mbali na bakuli. Zaidi ya yote wanahitaji jicho lake: kukagua kila kipande, na wakiona ganda la risasi waliache lilipo. Fataki isiyo na alama ya kugongwa bado ina moto ndani. Ikitiwa kwenye tanuri italipuka.

Kwenu mnaorudi likizo: msibebe maganda kama kumbukumbu wala kama kishikio cha funguo. Hata ganda likiwa tupu litawapa maswali kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe, na mkilitoa sebuleni mbele ya wazee hamjui litamkumbusha nani nini. Na wewe uliyeko nyumbani, ukikuta chochote kinachofanana na risasi shambani au kwenye gunia la vyuma chakavu, usikikwangue, usikioshe, usikiweke jikoni. Kiache kilipo, wazuie watoto, mwite mkuu wa mudugudu.