Kutoka Buyenzi Hadi Francorchamps: Safari ya Fundi Huanzia Nyumbani

Mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, hauamshwi na jogoo peke yake. Kabla jua halijachomoza juu ya milima ya mashariki, nyundo za mafundi zimekwisha anza kulia, na harufu ya mafuta ya injini imekwisha changanyika na ya chai ya tangawizi. Barabara za mtaa huu zimepewa namba, na katika nyingi ya hizo hukosi kuona gari lililoinuliwa juu ya jeki, na miguu ya mtu ikichungulia chini yake. Hapa Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni, ya msikitini na ya gereji, tangu zama zile mji ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura.

Katika mtaa huo yuko fundi mmoja, mtu wa makamo, ambaye kazi yake aliianza angali kijana kwa kufungua na kufunga injini za Peugeot 404 na 504. Utotoni mwake, kila ilipofika Pasaka, wazee walikusanyika penye redio kusikiliza habari za Safari Rally kutoka Nairobi. Humo alilijua jina la Shekhar Mehta, aliyeshinda mwaka 1973 na kisha miaka minne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Alisimuliwa pia habari za Bert Shankland wa Tanzania, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa gari la Peugeot 404, na za Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Gari lile lile alilolipaka grisi mikononi mwake ndilo lililoshinda katika matope ya Afrika Mashariki, na jambo hilo halikumtoka moyoni.

Sasa fundi huyu ana mpwa wake anayefanya kazi Liège, nchini Ubelgiji. Mpwa amempelekea salamu fupi: "Mjomba, umenilea na kunisomesha. Njoo nawe uone mbio za Francorchamps kwa macho yako, nami nitakupokea." Tangu siku hiyo usingizi wa fundi umepungua. Si jambo dogo kwa mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Kigoma.

Kiwanja chenyewe

Francorchamps ni kijiji kilichoko katika vilima na misitu ya Ardennes, mashariki ya Ubelgiji, karibu na mji wa Spa, uliopata sifa kwa chemchemi zake za maji. Kiwanja cha mbio kilianza katika miaka ya 1920, kwa kuunganisha barabara za kawaida za umma baina ya Francorchamps, Malmedy na Stavelot. Mbio za saa 24 zilifanywa hapo mara ya kwanza mwaka 1924, na Grand Prix ya kwanza ya Ubelgiji mwaka 1925. Yalipoanzishwa mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 1950, Francorchamps ilikuwamo.

Njia ile ya kale ilikuwa ndefu, yapata kilomita 14, ikipita kando ya nyumba, miti na nguzo. Mwaka 1969 madereva walikataa kushindana humo kwa kuhofia maisha yao, na Grand Prix ya mwaka huo haikufanyika. Baadaye njia ilifupishwa, ikafunguliwa upya mwaka 1979, na leo mzunguko mmoja ni kilomita 7 na mita chache. Baina ya pahala pa chini na pa juu pana tofauti ya mita 100 hivi. Magari huteremka kwa kasi hadi kwenye kijito cha Eau Rouge, kisha hupanda mlima wa Raidillon kana kwamba yanakwea ukuta. Fundi anayejua jinsi spring na matairi yanavyoteseka katika kupanda Bugarama ataelewa mara moja kwa nini watu hutoka mbali kuja kusimama pahala hapo.

Jambo jingine la kufahamu ni mvua. Mwezi wa Julai, Bujumbura imo katika kiangazi, na vumbi hutanda hata juu ya majani ya miembe. Francorchamps, mwezi huo huo, mvua yaweza kunyesha upande mmoja wa kiwanja na upande wa pili ukawa mkavu. Tarehe 29 Agosti 1921 haikumbukwi na mtu, lakini tarehe 29 Agosti 2021 wengi wanaikumbuka: watazamaji walikaa saa nyingi wakilowa, magari yakazunguka mara chache tu nyuma ya gari la usalama, na washindi wakapewa nusu ya pointi. Hivyo koti la mvua na viatu vizuri ni bora kuliko suti mpya.

Mbio zipi, na lini?

Grand Prix ya Formula 1 huchukua siku tatu, yaani Ijumaa ya mazoezi, Jumamosi ya kutafuta nafasi za kuanzia, na Jumapili ya mashindano yenyewe, ambapo magari huzunguka mara 44. Kwa mujibu wa mkataba uliotangazwa mwaka 2025, Ubelgiji imepewa mbio za 2026, 2027, 2029 na 2031. Mwaka 2028 hakuna, na 2030 hakuna. Mtu akiukosa mwaka 2027, hana budi kungoja miaka miwili zaidi. Na kwa fundi ambaye magoti yake yamekwisha anza kulalamika akitoka chini ya gari, miaka miwili si kitu cha kupuuzwa.

Hata hivyo Grand Prix si mbio pekee za kiwanja hicho. Yako mashindano ya saa 24, ambayo katika miaka ya karibuni hufanywa kiangazi cha Ulaya, na ya saa 6 katika majira ya kuchipua. Huko umati ni mdogo kuliko wa Grand Prix, na mtu wa ufundi huona mengi zaidi: matairi yakibadilishwa, breki zikikaguliwa, injini zikivumilia usiku kucha. Kwa anayetaka Grand Prix, tiketi ya kawaida isiyo na kiti, iitwayo Bronze, humruhusu kusimama katika kingo za majani na kutembea kando ya msitu. Mwenye kuwahi asubuhi ndiye anayepata pahala pazuri.

Njia haina mafumbo. Ndege za Brussels Airlines huunganisha Bujumbura na Brussels. Kutoka Brussels, garimoshi hupita Liège na kufika Verviers, na kutoka huko mabasi hupanda vilima hadi Francorchamps. Ugumu wa safari hii hauko Ubelgiji. Uko mezani, nyumbani, penye karatasi na fedha.

Karatasi

Ombi la viza ya Schengen haliwezi kupelekwa kabla ya miezi 6 kufikia siku ya safari, wala halipaswi kucheleweshwa hadi zikabaki siku chini ya 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa katika siku 15, lakini waweza kuchukua hata siku 45. Kwa mbio za Julai, basi, Machi au Aprili ni wakati wa busara. Ubelgiji ina ubalozi wake Bujumbura, na hapo ndipo pa kuulizia kwanza mahali na siku ya kupeleka faili.

Pasipoti iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kutumika miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 kwa uchache. Mpwa naye ana kazi yake: kujaza hati ya dhamana, kuipeleka katika ofisi ya manispaa anakoishi ili ithibitishwe, na kuambatanisha karatasi za mshahara wake. Ada ya viza kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ombi likikataliwa, ada hairudi.

Hapa ndipo moyo wa fundi unapodunda. Mwenye kupima faili hamwulizi mtu kama anajua kurekebisha gia. Anauliza: huyu atarudi kwao? Mtumishi wa ofisi huonyesha barua ya mwajiri na stakabadhi za mshahara. Fundi wa Buyenzi ameishi miaka 30 kwa fedha za mkononi. Mteja hulipa, fedha huenda sokoni, na kesho hugeuka. Mtaa mzima unamjua, lakini mtaa hautiwi muhuri. Basi hana budi kuanza mapema: kusajili gereji yake, kulipa kodi na kutunza stakabadhi, kufungua akaunti na kuweka humo mapato yake kila wiki, na kukusanya cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Uzuri ni kwamba hati za Burundi zilizoandikwa kwa Kifaransa hazihitaji mfasiri.

Kazi hii yote ina faida hata viza isipopatikana. Gereji iliyosajiliwa yaweza kuomba mkopo, yaweza kupewa kazi na idara, na yaweza kurithiwa na mtoto bila ugomvi.

Fedha

Jioni moja, baada ya watoto kula ndagala na ugali, fundi alimweleza mkewe habari zote. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Baba watoto, wakikukatalia, ile ada hairudi?"

"Hairudi, Mama."

"Na karo ya Septemba?"

Fundi hakujibu upesi. Mwaka 2024 foleni za petroli mjini Bujumbura zilikuwa ndefu, magari mengi yakalala, na gari lililolala halimlishi fundi. Aidha, mwishoni mwa mwaka huo bei ya yuro na dola mtaani ilikuwa imepita mara mbili ya ile ya benki. Mtu aliyepiga hesabu zake kwa bei ya benki hushtuka afikapo kununua.

Mama ndiye aliyetoa shauri. Alileta makopo matatu matupu ya maziwa. La kwanza ni la fedha zinazoweza kupotea bila nyumba kulia: ada ya viza, picha na nakala. La pili ni la nauli ya ndege na tiketi ya kiwanjani, na halitafunguliwa mpaka viza iwe imebandikwa katika pasipoti. La tatu ni karo na kodi ya gereji, na hilo akalitia chini ya kitanda upande wake yeye.

Kisha wakapatana juu ya jambo la pili. Viza ikikosekana, kopo la pili halitatawanywa. Safari Rally ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, na Mrundi haombi viza kwenda Kenya, kwani nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kuna basi, kuna mpaka wa Kobero, na kuna vumbi ambalo fundi alilisikia redioni utotoni bila kuliona. Kwa nauli ya ndege ya mtu mmoja, huenda mama na mtoto mkubwa wakaenda pia.

Fundi alicheka, mara ya kwanza jioni ile. "Kumbe unataka nikataliwe!"

"Nataka urudi," mama akasema. "Huko au huku, urudi."

Asubuhi yake, kabla ya kufungua gereji, alinunua daftari la kurasa 96. Katika ukurasa wa kwanza akaandika tarehe, namba ya gari la mteja wa kwanza, kazi iliyofanywa na fedha iliyopokewa. Ilikuwa stakabadhi yake ya kwanza katika miaka 30. Mteja aliishika, akaitazama pande zote mbili, akaikunja na kuitia mfukoni kwa heshima.