Taa ya pinki iliyomfukuzia dada yangu wateja

Kosa lilikuwa langu, kwa hivyo wacha nilieleze mwenyewe.

Dada yangu anapaka hina na piko Ukunda, kwa chumba kimoja kinachotazama barabara ya Likoni–Lunga Lunga. Zamu yake ya chama ilipofika, akaniita. "We ndiye mtu wa mitandao, mdogo wangu. Nitafutie taa ya mlangoni, watu wanione usiku." Nikajiona meneja kabisa. Nikachagua neoni ya pinki, mwandiko wa kuungana, neno moja tu: Slay. Ilikula shilingi 14,000.

Kwanza nikuambie, ile si neoni. Neoni ya ukweli, ile Georges Claude aliyoionyesha Paris mwaka wa 1910, ni mrija wa glasi uliojazwa gesi. Hizi tunazoagiza sisi mara nyingi ni mpira wa silikoni wenye taa ndogo za LED ndani, zinatumia volti 12 kupitia adapta. Hakuna ubaya: ni nyepesi, hazipasuki ovyo, na stima hazili sana. Taa ya wati 30 ikiwaka saa tano kila siku ni kama uniti nne na nusu kwa mwezi. Tokeni haikuwa shida yetu.

Shida ilikuwa vile taa inasomeka. Wiki ya pili, jamaa alisimamisha boda akauliza bia baridi ni ngapi. Tukacheka. Halafu jioni moja akaja mama wa makamo na binti yake anayeolewa. Walishaelewana bei na dada kwa simu: mikono na miguu ya biharusi, pamoja na jamaa zake watano. Yule mama akasimama nje, akatazama taa, akatazama pazia. "Mwanangu, hapa usiku pana nini?" Dada akamweleza. Mama akaitikia kwa heshima, akasema watarudi kesho baada ya Alasiri. Hawakurudi.

Hapo ndipo nilielewa. Mimi nilichagua taa ya kupendwa na watu wa umri wangu mtandaoni, na hakuna hata mmoja wao anayepaka hina kwa dada. Wanaomlipa ni kina mama, shangazi na nyanya, na kwao taa ya pinki mlangoni, pazia nyuma yake, ina maana yake tangu sisi hatujazaliwa. Unaweza kusema ni ushamba. Mimi pia nilisema. Lakini jina linaloharibika ni la dada, sio langu.

Tukabadilisha. Fundi wa hapa hapa Ukunda akatutengenezea boksi la akriliki lenye LED ndani, mwanga mweupe unaoelekea manjano: HINA NA PIKO, herufi kubwa zilizosimama. Kuna kipimo watu wa mabango hutumia: kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa karibu sentimita 2.5. Mtu akiwa mita 30, anahitaji herufi ya sentimita 25. Ile Slay yangu, mtu wa boda angepita hajaimaliza kusoma. Adapta tukaiweka ndani ya chumba, maanake upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma.

Kama duka lako liko Diani upande wa ufuo, jiulize pia mwanga unaelekea wapi. Watoto wa kasa wakianguliwa usiku hufuata upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni baharini. Taa kali ya ufuoni huwavuta nchi kavu, na wengi hufia huko. Ielekeze barabarani, izibe upande wa maji, na uizime ukifunga.

Ile taa ya pinki sa hizi iko chumbani kwangu, ukutani, ndiyo mnaiona nyuma yangu kwa video. Kwa kamera inapendeza sana. Dada bado ananidai 14,000 zake.