Upepo wa Lewis na Wenye Ardhi Yake

Kisiwa cha Lewis kiko kaskazini-magharibi mwa Scotland. Ukikipita kuelekea magharibi, mbele yako ni bahari ya Atlantiki tupu mpaka ufike ng'ambo ya Amerika. Meli kutoka bandari ya Ullapool huchukua takriban saa mbili na nusu, nasi tulipoteremka mji wa Stornoway mwenyeji wetu wa kwanza alikuwa upepo. Mkono mmoja ulishika mzigo, wa pili ukashika kofia. Nje ya mji miti ni adimu. Macho huona nyasi, maziwa madogo yasiyohesabika, na kondoo waliozoea kulipa dhoruba mgongo.

Waislamu hapa ni wachache mno, lakini wana msikiti. Ulifunguliwa mwezi Mei 2018, siku chache kabla ya Ramadhani, katika jengo lililokuwa gofu, kwa michango iliyokusanywa kupitia intaneti. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kufuturu saa kumi na mbili na nusu, atafakari funga ya Juni katika kisiwa hiki, ambapo jua huzama kama saa nne na nusu za usiku. Wenyeji wengi ni Wakristo wenye kushika sana Jumapili yao, hata safari za meli kati ya Stornoway na Ullapool siku hiyo zilianza mwaka 2009 tu, tena baada ya mabishano marefu.

Sehemu kubwa ya kisiwa imefunikwa na udongo mweusi uliotokana na mimea iliyooza majini kwa maelfu ya miaka. Watu huukata kama matofali, huukausha na kuutia motoni badala ya kuni. Udongo huu umefumbata hewa ya ukaa nyingi. Ukichimbwa na kukauka, huiachia. Juu ya ardhi hiyo kampuni kubwa ziliomba kusimamisha mitambo 181 ya kufua umeme wa upepo. Baraza la visiwa liliunga mkono, kwa kuwa vijana wanahama na ajira ni haba. Wakazi wengi walikataa, na pingamizi zilizopelekwa serikalini zilizidi 10,000. Mwezi Aprili 2008 Serikali ya Scotland iliukataa mradi, kwa sababu eneo lile lilikuwa limehifadhiwa kisheria kwa ajili ya ndege.

Mtu angedhani wenyeji wanauchukia umeme wa upepo. Historia ya ardhi yao inaonyesha vinginevyo.

Mwaka 1918 kisiwa kizima kilinunuliwa na tajiri wa sabuni, Lord Leverhulme. Mipango yake ilipokwama aliwapa watu ardhi, na mwaka 1923 eneo la Stornoway likawekwa chini ya wadhamini wanaochaguliwa na wakazi wenyewe. Ni ekari zipatazo 69,000, na mpaka leo ziko mikononi mwa udhamini huo. Sisi tuliosikia hadithi hiyo tulitazamana, maana neno lililotujia sote lilikuwa moja: wakfu. Hukumu za kifikihi ni tofauti, bila shaka, lakini sura yake tunaijua: mali inabaki, manufaa yanatoka, na msimamizi ni mwenye kuulizwa.

Karibu na Stornoway, katika kilima cha Beinn Ghrideag, tuliona mitambo mitatu tu, yenye uwezo wa megawati 9, iliyoanza kazi mwaka 2015. Inamilikiwa yote na udhamini wa jamii ya vitongoji vya Point na Sandwick. Faida husaidia shughuli za jamii, na miongoni mwa wanaonufaika ni Bethesda, nyumba ya mjini inayowatunza wazee na wagonjwa walio katika siku zao za mwisho. Chini ya mapanga kondoo wanaendelea kula nyasi, kwani malisho ni ya ushirika. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba maji, malisho na moto ni vitu vya kushirikiana. Wanazuoni ndio wa kusema kama upepo unaingia humo. Sisi tuliliuliza swali hilo njia nzima tukiteremka kilimani.

Swali hilo kwa watu wa Lewis si la darasani. Wadhamini wa Stornoway waliikodisha sehemu ya ardhi kwa kampuni kwa ajili ya mradi mwingine mkubwa, wa mitambo 36, wakiona kodi hiyo ni pato la uhakika kwa wote. Wakulima wadogo wa vijiji vinne wenye haki ya malisho palepale walipinga, na madai yao yakafika Mahakama ya Ardhi ya Scotland. Anayejua nyumba za wakfu katika miji yetu zilizopangishwa kwa kodi ndogo miaka na miaka ataelewa haraka ugomvi huu. Kodi ni halali na mkataba una sahihi, ila sehemu kubwa ya faida hupanda meli. Wakulima wale hawakuomba mitambo iondolewe. Waliomba ruhusa ya kusimamisha ya kwao.