Vinyata: Kijiji cha Mtoni Kilichosimuliwa na Mgeni

Asafiriye kutoka Singida kwenda Manyoni hupita Ikungi, wilaya iliyoundwa mwaka 2012. Tulipopita huko tuliona majabali, mashamba ya alizeti na mtama, na mito ambayo kiangazi hubaki mchanga mtupu. Ni wachache wajuao kwamba nchi hii ya Wanyaturu, au Warimi kama wajiitavyo wenyewe, iliingia katika vitabu vya Ulaya kwa sababu ya kijiji kimoja kilichokuwa kando ya mto: Vinyata.

Unyaturu ilikuwa nchi ya mipakani. Kusini mashariki walikaa Wagogo, kaskazini Wanyiramba, na magharibi ilitanda mbuga ya Wembere. Mali ya nchi ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe waliwavuta wavamizi. Njia kuu ya misafara ya Bagamoyo na Tabora ilipita mbali upande wa kusini, hivyo kundi kubwa la wageni wenye bunduki halikuwa jambo la kawaida.

Kundi hilo lilifika Januari 1875. Lilikuwa la Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na watu wapatao 350, wengi wao Waungwana wa Zanzibar na Wanyamwezi. Njaa na maradhi vilikuwa vimewadhoofisha. Kaif Halek, ambaye miaka michache kabla yake alikabidhiwa barua za Livingstone, alibaki nyuma kwa ugonjwa, akakutwa ameuawa.

Kule Vinyata, kando ya mto ambao Stanley aliuita Liwumbu, mambo yalianza kwa amani. Kisha wenyeji wakalalamika kwamba maziwa yao yameibwa. Stanley asema alilipa fidia ya nguo, lakini vita vikazuka hata hivyo. Katika siku tatu watu wake zaidi ya 20 waliuawa. Naye akachoma vijiji na kuchukua nafaka, kisha akaendelea na safari hadi Ziwa Nyanza.

Hayo yote twayajua kwa kalamu yake, katika kitabu kilichotoka mwaka 1878. Humo Wanyaturu ni washenzi walioshambulia bila sababu. Lakini mwandishi huyohuyo aliuhesabu mto ule kuwa chanzo cha mbali cha Nile upande wa kusini, na hilo halikuwa kweli: maji ya huko hushuka Wembere na kuelekea Ziwa Eyasi, wala hayafiki Nyanza. Ikiwa alikosea mwendo wa maji, ambayo hayana siri, twawezaje kumwamini peke yake juu ya nyoyo za watu ambao hakujua lugha yao?

Ndugu wasomaji, dini yetu yatuamuru kuichunguza habari kabla ya kuihukumu kaumu. Nasi tuna sehemu pande zote mbili za kisa hiki. Waungwana waliokufa pale, wengi wao Waislamu, walikuwa vijana wa pwani waliotafuta ujira. Na waliochomewa nyumba na kuporwa mtama walikuwa wazee wa majirani zetu wa leo.

Wanyaturu hawakuandika kitabu, lakini wana nyimbo, majina ya koo na majina ya mito. Wazazi wenye asili ya huko na wawaulize wazee wao wangali hai, kisha wawaandikie watoto majibu yao.